Nauza chipsi shuleni, na mwanangu ametajwa mnene mbele ya wenzake

Dada Mshauri,

Pole na kazi. Naisoma safu hii siku nyingi na sikufikiri kuwa nami nitaandika, ila hili limenikaa kooni na nyumbani sina wa kumwambia bila kuzua ugomvi.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Nina kantini ndani ya shule moja ya msingi ya binafsi. Pango nalipa kila muhula, na kwa sababu hiyo mwanangu mkubwa anasoma hapo kwa ada nafuu. Ana miaka 10, yuko darasa la tano. Nauza chipsi, sambusa, maandazi, vitumbua, soda, juisi za boksi, na wakati wa joto lambalamba. Friji nimepewa bure na kampuni ya soda kwa sharti kwamba niweke vinywaji vyao tu, hata maji yawe ya kwao. Kikaangio na meza nilinunua kwa mkopo wa kikoba ambao bado narejesha. Kodi ya nyumba inatoka hapohapo kantini, maana baba watoto anafanya vibarua, leo kazi ipo kesho haipo.

Muhula huu shule imeanza mpango wa afya. Walikuja wahudumu, watoto wakapangwa mstari uwanjani wakapimwa uzito na urefu. Sikuona ubaya wa jambo lenyewe. Ila aliyekuwa kwenye mizani alitaja kilo kwa sauti ili mwalimu aandike, na mwishoni yakasomwa majina ya watoto wenye "uzito uliopitiliza" wasogee pembeni wachukue barua za wazazi. Wa kwangu alikuwemo. Nilikuwa nakaanga, nikalisikia jina lake na kilo zake, 52, kupitia dirisha la kantini. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita "Hamsini na Mbili". Siku ya michezo anasema tumbo linamuuma. Juzi nikitandika kitanda chake nimekuta makaratasi ya biskuti na krispi yamekunjwa vizuri chini ya godoro.

Sasa uongozi umeleta pendekezo litakalojadiliwa kwenye kikao cha wazazi mwisho wa mwezi. Vya kukaanga na soda viondoke kuanzia muhula ujao, kantini ibaki na matunda, maziwa, juisi za boksi na vyakula vya kuchemsha. Watoto wapimwe uzito kila mwezi na chati ibandikwe darasani. Mwalimu mkuu ni mama muungwana, hajawahi kunivunjia heshima. Aliniita ofisini akaniambia nisaini mkataba mpya wa namna hiyo, la sivyo nimpishe mwingine.

Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi nimechambuliwa kama karanga. Mmoja kaandika kwamba ninawalisha watoto sumu kwa ajili ya faida. Mwingine kaandika, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mwenye kantini hata wa kwake amemshinda." Na hao hao ndio wanaowapa watoto elfu mbili asubuhi wanunue chipsi kwangu kwa kuwa hawana muda wa kupika.

Nyumbani tunaishi na mama mkwe. Watoto wake aliwalea Singida miaka ya themanini, enzi za kupanga foleni ya sukari na unga, na mmoja alifariki mdogo kwa utapiamlo. Nilipomsomea barua ya shule alilia. Akasema, "Mtoto akiwa na mwili mnasema anaumwa, akikonda mtasemaje?" Usiku ule alimwongezea wali. Baba watoto naye anasema mtoto wa kiume lazima awe na mwili, akibalehe atarefuka na unene utaisha wenyewe.

Mimi mwenyewe ni mnene, Dada. Mwaka niliougua homa ya matumbo nikapungua, mtaani wakaanza kuulizana naumwa nini, na mawifi wakataka kujua kama kaka yao ananitunza. Nilipoongezeka tena kila mtu alifurahi. Leo mwili uleule umekuwa kosa.

Ratiba yetu ni hivi. Naamka saa tisa usiku kukanda unga wa maandazi, yeye namwamsha saa kumi na nusu tuondoke wote. Masomo yakiisha ana tuisheni, halafu ananisubiri kantini nifunge hesabu. Chipsi zilizobaki anakula, soda anajichukulia. Nyumbani tunafika saa moja na nusu, anakula, anafanya kazi za shule, kulala ni saa nne. Usiku anakoroma sana, na walimu wanalalamika anasinzia darasani. Halafu kuna hii shingo yake. Imekuwa nyeusi kwenye mikunjo, na kwapani vilevile. Kila Jumapili namsugua kwa dodoki na ndimu mpaka analia, weusi hautoki.

Naomba ushauri wako. Nisaini, au nisimame kikaoni nipinge? Nikisaini, deni la kikoba litanimaliza. Nikipinga, nitaonekana natetea kinachomdhuru mwanangu mwenyewe. Na mtoto nimfanyeje? Nimeanza kumnyima chakula cha usiku, bibi yake anampa kwa siri.

Mama wa Kantini,
Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Kantini, pole sana, na asante kwa kuniamini.

Nianze na hilo ulilolitaja mwishoni kama jambo la usafi, maana ndilo lililonishtua. Weka dodoki chini, mama. Weusi huo si taka. Ngozi inapokuwa nyeusi na nzito kwenye mikunjo ya shingo na kwapa, kwa mtoto aliyeongezeka uzito, mara nyingi ni dalili kwamba mwili unatoa insulini nyingi kupita kawaida ili sukari ya damu isipande. Haina maana kwamba tayari ana kisukari, na zipo sababu nyingine za ngozi kuwa hivyo, lakini inatosha kumpeleka hospitali. Apimwe sukari asubuhi kabla hajala, apimwe presha kwa mkanda unaoutosha mkono wake, na daktari aambiwe habari ya kukoroma na kusinzia. Kukoroma kwa mtoto kunaweza kuletwa na uzito, kunaweza pia kuletwa na mafindofindo yaliyovimba, na yote yanatibika. Msikilize akiwa amelala: kama pumzi inakatika kidogo kisha anashtuka na kuvuta hewa, mweleze daktari hivyohivyo ulivyoona. Na mtoto aambiwe, kwa kinywa chako, kwamba hakuwa mchafu.

Namba ile ya 52 nayo tuitazame vizuri, kwa kuwa imegeuzwa jina. Kilo peke yake hazitoshi kumhukumu mtu. Kwa mtu mzima, kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25 uzito umezidi, likifika 30 ni unene uliokithiri. Kwa mtoto hesabu ni hiyohiyo, ila jibu lake husomwa kwenye chati ya umri na jinsia yake, kwa sababu mwili wa mtoto hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa miaka 10, kilo 52 ni nyingi kiasi cha kustahili uchunguzi. Lakini atakayekueleza maana yake ni daktari au afisa lishe akiwa na urefu wake mkononi na familia mbele yake, chumbani, mlango umefungwa.

Unaniuliza usaini au upinge. Katika barua yako nasikia pia swali jingine ambalo hukuliandika: je, nimemharibu mwanangu? Yule mzazi wa WhatsApp amekujibu kwa methali. Mimi naomba tulitazame taratibu.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 wa miaka 5 hadi 19 walikuwa na uzito uliozidi, na milioni 160 kati yao walikuwa na unene uliokithiri. Kwa rika hilo, unene uliokithiri umeongezeka mara nne tangu 1990. Siamini kwamba katika miaka hiyo akina mama wa dunia nzima waliacha kujua kulea. Kilichobadilika ni vyakula vinavyouzwa, bei zake, matangazo yake, viwanja vilivyojengwa nyumba, na saa ambazo watu wanatoka na kurudi nyumbani.

Chukua siku ya mwanao kama ulivyoiandika. Analala saa nne, anaamshwa saa kumi na nusu. Hizo ni saa sita na nusu. Mtoto wa umri wake anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili. Usingizi mfupi huvuruga homoni za njaa na shibe, mtoto huamka akitamani vya sukari na mafuta, na mchana hana nguvu za kukimbia. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanashauriwa wapate angalau dakika 60 za kutoka jasho kila siku. Yake ziko wapi? Darasani, tuisheni, kantini, barabarani, daftari. Hata ungeondoa kila chipsi iliyoko Dar es Salaam leo, siku hiyo bado ingemlemea. Na wewe unayeamka saa tisa usiku imekulemea vilevile.

Kwa hiyo kabla hujafikia chakula, naomba mjiulize na baba yake kama tuisheni ya kila siku inamsaidia mtoto anayesinzia. Sijui ada yake ni kiasi gani wala walimu wameiwekaje. Lakini saa ile ya jioni, mpira mguuni na baba yake siku asizokuwa na kibarua, huenda ikampa kitu ambacho tuisheni haimpi. Akiikataa michezo ya shule sasa hivi, usimlazimishe. Anaikimbia ile "Hamsini na Mbili", na aanze kucheza pale ambapo hakuna anayeijua.

Kumnyima chakula cha usiku kunanitia wasiwasi. Naelewa umefanya kwa upendo na kwa hofu. Lakini mtoto anayenyimwa mezani hujifunza kula mafichoni, na yale makaratasi yaliyokunjwa vizuri chini ya godoro yananionyesha mtoto mwenye aibu. Watoto wanaodhihakiwa kwa miili yao aghalabu hawapungui, wengi huongezeka. Kwa umri wake, mara nyingi wataalamu hawalengi kumpunguza kilo. Hulenga uzito usimame au upande polepole huku urefu ukiendelea. Hapo baba watoto ana sehemu ya ukweli: kurefuka kunasaidia. Ila kungoja balehe bila kubadili chochote ni kubahatisha, maana watoto wengi wenye unene huingia nao utu uzima. Mwombe mwende wote hospitali ayasikie kwa daktari mwenyewe, isiwe wewe ndiye unayemletea maneno ya shule. Na tafadhali, zile chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyotangazwa mitandaoni visimkaribie.

Mezani, nyumba nzima ile kilekile. Asiwekewe sahani ya mgonjwa huku wengine wakila pilau. Ugali au wali upungue kidogo, mchicha, tembele na maharage vizidi, maji yawe ndicho kinywaji cha nyumbani. Akisema ameshiba aruhusiwe kuacha, hata kama sisi tumelelewa kwa "maliza chakula chote". Soda itazame kwa vijiko: chupa ya nusu lita yenye gramu 10 au 11 za sukari kwa kila mililita 100, kama lebo nyingi zinavyoonyesha, ina gramu 50 au zaidi, yaani vijiko kumi na viwili vya chai na ushee. Mtu mzima anashauriwa asivuke gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na ikiwezekana aishie 25. Kwa mwanao, kuacha kujichukulia soda akikusubiri jioni kunaweza kuwa badiliko kubwa kuliko chakula chote cha usiku unachomnyima.

Mama mkwe ninamwelewa, na machozi yake yana haki. Aliyezika mtoto kwa utapiamlo hawezi kuona mashavu ya mjukuu kama ugonjwa. Isitoshe, hata kadi ya kliniki imetufundisha hivyo: mstari ukipanda tunapongezwa, na mtoto akifika miaka mitano kupima kunaishia hapo, hakuna anayetuambia upandaji ukizidi tufanyeje. Nchi yetu bado ina maadui wote wawili. Mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Na utafiti wa taifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Bibi anapigana na adui anayemjua. Badala ya kumwambia asimpe, mpe jukumu: mwombe awe ndiye mpishi wa mboga za majani, mlenda na dagaa kama alivyopika Singida, na amfundishe mjukuu. Akikaa na daktari mara moja akasikia habari ya sukari na ile shingo, huenda akawa mlinzi mkali kuliko nyote. Huenda pia asikubali, na hapo itabidi wewe na mumeo muamue nani ana neno la mwisho kuhusu mtoto, kwa heshima, bila kumwaibisha mzee.

Sasa kantini. Sikuambii usaini wala ukatae, kwa kuwa deni ni lako. Lakini nikuonyeshe ninavyoliona.

Kuondoa soda na vya kukaanga shuleni ni wazo zuri, na shule yenu haikulibuni. Chile tangu 2016 huweka alama nyeusi kwenye vifungashio vya vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi, na vyenye alama hiyo haviruhusiwi kuuzwa shuleni. Mexico iliweka kodi ya vinywaji vya sukari mwaka 2014. Afrika Kusini na Uingereza zikafuata Aprili 2018, na Uingereza kampuni nyingi zilipunguza sukari kwenye vinywaji vyao kabla hata kodi haijaanza kutozwa. Angalia nani alibanwa huko: mtengenezaji, kifungashio, bei. Shuleni kwenu, kwa jinsi ulivyoandika, anayebanwa ni mwenye kikaangio. Pango limebaki lilelile, mkopo ni wako, na elfu mbili za wazazi zitaendelea kutoka kila asubuhi. Hilo unaweza kulisema kikaoni bila kuitetea soda hata kidogo.

Ukipinga moja kwa moja, unaweza kuipata nafasi yako kwa muhula mmoja zaidi, lakini utakuwa umesimama mbele ya watu wanaojua jina la mwanao, na yeye atasikia. Ukisaini kama ulivyoletewa, moyo utatulia na mfuko utatetereka. Matunda yana hasara yake: tikiti likishakatwa halisubiri kesho, wakati viazi vya chipsi vinasubiri. Na watoto walionyimwa ndani huenda wakanunua kwa muuza krispi wa getini, ukabaki na ndizi zako. Shule inayotaka mpango huu ufanikiwe lazima izungumze na serikali ya mtaa kuhusu geti hilo.

Iko njia ya katikati, nayo haikosi hatari. Unaweza kumwomba mwalimu mkuu muda: muhula wa kwanza soda iondoke yote, chipsi zibaki siku mbili kwa wiki na kwa kipimo kidogo, pango lipunguzwe mpaka wateja wazoee. Wengine watasema unachelewesha, na mtoto aliyezoea chipsi hatafurahia siku yoyote utakayochagua. Lakini itakupa nafasi ya kujua kinachouzika: mihogo na magimbi ya kuchemsha yenye kachumbari, mahindi, mayai, karanga, mtindi usiotiwa sukari, maembe ya msimu. Wewe ndiye unayejua midomo ya watoto wale, hakuna afisa anayekushinda hapo. Wazazi nao walipie chakula cha saa nne kwa mwezi, fedha zisipite mikononi mwa watoto, utajua mapema upike kiasi gani. Kila halmashauri ina afisa lishe. Ombeni aje kikaoni. Wizara ya Elimu nayo ina mwongozo wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, shule iuweke mezani. Mwulize afisa huyo kuhusu zile juisi za boksi zilizobakizwa kwenye pendekezo, maana sukari yake hukaribia ya soda, na nisingependa uache kimoja upewe kingine kinachofanana nacho. Friji, soma mkataba wake kabla hujasaini wa shule. Kama hauruhusu hata maji ya kampuni nyingine, basi huenda ikabidi irudi kwa wenyewe, na hilo ulipigie hesabu mapema. Kikoba pia wana masikio: waeleze kabla hujachelewesha rejesho.

Kuna sehemu moja ya pendekezo ambayo mimi nisingeikubali, na ningependa uiseme wewe kwa sababu unajua ilivyouma. Kupima watoto ni jambo jema likifanywa kwa faragha, mara moja au mbili kwa mwaka, majibu yakafungwa kwenye bahasha ya kila mzazi, mnene na mwembamba sawa, yakiambatana na mahali pa kwenda kupata msaada. Kupima kila mwezi na kubandika kilo za watoto ukutani ni kuwapa majina mapya darasa zima. Mwalimu mkuu muungwana kama unavyomweleza atakusikiliza ukimwambia ana kwa ana, kabla ya kikao, kilichotokea siku ile na jina analoitwa mwanao sasa. Una haki ya kumwomba walimu walikomeshe.

Na mwili wako, mama. Kwenye kikao hicho hauhusiki, yeyote asikufanye uone unahusika. Uliona mwenyewe watu walivyonong'ona ulipokonda, wakashangilia ulipoongezeka, na sasa wanakulaumu, ukiwafuata hutafika. Ila siku utakayompeleka mtoto, pima na wewe presha na sukari, kwa ajili yako. Serikali ilipozindua kampeni ya mazoezi Desemba 2016, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitengwa kwa ajili hiyo, na mitaa mingi ina vikundi vya kukimbia na kutembea hata leo. Kama kuna kimoja karibu yako, kinakaribisha hata wanaotembea polepole. Lakini mtu anayeamka saa tisa usiku siwezi kumwongezea kazi kwa mdomo tu. Huenda kilicho cha kwanza kwako ni msaidizi wa kukanda unga, au maandazi kupungua ili ulale.

Mpeleke mtoto wiki hii, kabla ya kikao. Njiani mwambie mnakwenda kuangalia shingo na kukoroma ili alale vizuri, na mwache amwulize daktari maswali yake mwenyewe. Ukipata majibu, au ukishaongea na mwalimu mkuu, niandikie tena. Na nitapenda kujua bibi amesemaje.